Taa ya cheki injini inarudi kila ikifutwa: namna ya kutafuta chanzo (somo)

Wakuu, ujumbe ninaopata ni uleule: "Taa imefutwa juzi, leo imewaka tena, gari linakula mafuta, ninunue sensa gani?" Naliweka somo hapa ili nikiulizwa tena nikuelekeze huku. Mifano yangu ni ya Toyota ndogo za petroli (IST, Vitz, Premio) kwa kuwa ndizo zimejaa Dar, ila utaratibu ni mmoja kwa gari lolote la nozo (linalopuliziwa petroli, si la kabureta).

1. Kaza kifuniko cha tangi la petroli, kikilegea tu taa inaweza kuwaka. Mpira wake ukiwa umepasuka, badilisha.

2. Taa ikiwaka na kutulia, endesha taratibu mpaka gereji. Ikiwa inawaka na kuzima huku gari linamisi, paki. Petroli isiyoungua inakwenda kuunguzia masega ya bomba la moshi (kisafisha moshi, "catalytic converter"), na masega ni ghali kuliko plagi na koili zote nne.

3. Pima kwa mashine. Kifaa kidogo cha bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, pamoja na programu ya simu, kinatosha. Andika namba zote za hitilafu.

4. USIFUTE KWANZA. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Taa inapowaka, kompyuta ya gari huhifadhi hali ilivyokuwa dakika ile: mwendo, joto la injini, mizunguko, mzigo. Ukifuta, au fundi akichomoa betri, kumbukumbu hiyo inakwenda pamoja na masahihisho ya mafuta ("fuel trim", asilimia ya petroli inayoongezwa au kupunguzwa) ambayo kompyuta imejifunza. Gari litaonekana limepona siku mbili tatu, kisha taa itarudi na huna pa kuanzia. Piga picha kila ukurasa kwenye simu ndipo uguse kitu. Na namba haikutajii spea. P0171 maana yake hewa ni nyingi kuliko petroli, basi. Sensa ya oksijeni iliyoripoti hivyo mara nyingi ni nzima. Inasema ukweli na wewe unaing'oa.

5. Soma masahihisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Yajumlishe. Ndani ya asilimia 10, juu au chini, hakuna shida. Yakifika +20, kompyuta inaongeza petroli kufidia kitu. Sasa linganisha: gari likiunguruma bila kukanyaga mafuta, halafu ukishikilia mizunguko 2,500. Yakiwa juu kwenye muungurumo na kushuka ukikanyaga, kuna hewa inaingia kwa wizi: mpira wa vakyumu umepasuka au gasketi ya manifoldi imechoka. Yakipanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu, chujio, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Sensa hiyo isafishwe kwa dawa yake tu. Dawa ya kabureta inaweza kuiua.

Yakiwa hasi sana, petroli imezidi: nozo inavuja, na ukitoa plagi utaikuta nyeusi ya masizi.

6. Pima presha ya mafuta. Injini ya 1NZ (iliyomo kwenye baadhi ya gari hizi) inataka PSI 44 hadi 50. Kabla ya kufungua mpira wowote, toa fyuzi ya pampu, washa gari liungurume mpaka lizime lenyewe. Injini iwe baridi, na asiwepo mvuta sigara karibu.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Kaka, IST yangu taa inawaka, shida nini?
Jibu: Namba gani?
Mdau wa Mbagala: Sijapima. Fundi kasema sensa ya oksijeni.
Jibu: Kajuaje bila kupima? Rudi hatua ya 3.

Dereva Tabata: Unatisha watu tu. Fundi wangu anachomoa betri na taa inazima.
Jibu: Inazima, sikatai. Umechomoa mara ngapi mwaka huu? Hatua ya 4 nimeieleza kirefu kwa sababu hiyohiyo.

Mama Kigamboni: Shikamoo mwalimu. Premio yangu mjini haina neno, masahihisho +4. Nikienda Iringa, pale mlima Kitonga inakata pumzi na yanafika +22. Sensa ya hewa nimeshaisafisha.
Jibu: Marahaba, dada. Hivi ndivyo swali linavyoulizwa. Sensa ukishaisafisha, inabaki pampu au chujio. Ila kabla ya kununua pampu, pima umeme unaofika kwake injini ikiwaka. Kigamboni kuna hewa ya chumvi, soketi zinaota kutu, na pampu nzima ikikosa volti inazunguka kivivu. Umeme ukiwa sawa na presha ikashuka ukikanyaga, badilisha. Pia usizoee kutembea na taa ya mafuta: petroli ndiyo inayoipoza pampu ndani ya tangi.

Carina ya Zamani: Yangu haisomi kwenye kifaa cha bluetooth.
Jibu: Fungua boneti, tafuta kiboksi cha kupimia, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata. Taa itahesabu yenyewe: mara mbili, kituo, mara tano ni 25, yaani petroli haitoshi. Soma maandishi ya kwenye mfuniko mara mbili. Ukikosea tundu unaunguza fyuzi au zaidi.

Mdau wa Kimara: Yangu ilianza baada ya kujaza sheli fulani. Mafuta ya taa?
Jibu: Inawezekana, ingawa uchakachuaji umebanwa tangu EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ilipoanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali, kwenye mafuta mwaka 2010. Chota kidogo kwenye chupa angavu, acha itulie: maji yatakaa chini. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka haraka bila doa, mafuta ya taa huacha alama ya grisi. Tunza risiti.

Mdau wa Kimara: Maji yapo, kama kidole kimoja.
Jibu: Usiwashe tena. Shusha tangi lioshwe, chujio jipya, na hiyo chupa usiimwage mpaka umeongea na wenye sheli.