Homa ya mtoto wa selimundu haingoji kuche

Mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, akifika nyuzi joto 38.5, muda wenu unahesabiwa kwa saa. Bandama, kiungo kinachochuja bakteria kwenye damu, huwa imeshaharibika, mara nyingi kabla hajatimiza miaka 5, maana seli zenye umbo la mundu huziba mishipa yake midogo. Bakteria wa nimonia au salmonela wakipenya kwenye damu, hawakuti kizuizi. Mtoto aliyeshinda akicheza anaweza kuzimia alfajiri.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya homa. Nunua kipimajoto cha kidijitali na betri ya akiba. Tenga nauli ya usiku na namba ya dereva anayepokea simu saa nane usiku. Kwenye mfuko wa plastiki weka kadi ya kliniki na karatasi yenye uzito, dawa anazotumia, chanjo, dawa zinazomdhuru, na kiwango chake cha damu akiwa mzima. Hicho cha mwisho husahaulika, na ndicho daktari wa zamu anachokihitaji: wengi wenye SS (waliorithi selimundu kwa baba na kwa mama) huishi na damu ya gramu 7 au 8 kwa desilita, hivyo 7 peke yake haimwambii kitu, ila 5 kwa mtoto aliyezoea 8 inamwambia damu inapotea.

Penisilini ya kunywa, ya kumkinga na bakteria, ni mara mbili kila siku: miligramu 125 chini ya miaka 3, kisha 250 hadi miaka 5. Dawa ya maji ikishachanganywa huharibika upesi. Usipokuwa na friji, nusu ya kidonge cha 250 (kwa aliye chini ya miaka 3) iliyosagwa kwenye kijiko inafaa zaidi. Ukiruka siku tatu, unamwacha bila ulinzi.

Usiku wa homa, futa jasho kwapani, pima, andika joto na saa. Kisha ndipo umpe parasetamoli: miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10, kwa dawa ya maji yenye 120 katika mililita 5, anapata mililita 6, na asizidishe mara nne kwa siku. Joto litashuka, bakteria watabaki, na hapa ndipo familia nyingi hudanganyika zikarudi kulala. Safari haiahirishwi. Usimwogeshe maji ya baridi. Baridi huamsha maumivu.

Wakati usafiri unakuja, bonyeza ukucha wake kwa sekunde 5 kisha uachie. Wekundu ukichelewa zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri. Hesabu pumzi dakika nzima: 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni mbaya. Usingizi usioamshika, kutokojoa, viganja kupauka ghafla, vyote ni hatari. Papasa pia chini ya mbavu za kushoto. Ukiwa na kijiti chenye alama ya ukingo wa bandama (ncha moja huwekwa kwenye chuchu ya kushoto) utajua mara moja kama imevimba. Bandama inaweza kumeza damu nyingi ndani ya saa chache.

Usiishie duka la dawa, nenda hospitali yenye sindano na damu ya kuongeza. Mapokezi sema hivi: "Ana selimundu SS, homa 38.9 tangu saa mbili usiku, tunaomba antibiotiki ya mshipa sasa." Kwa kawaida ni seftriaksoni, na inapaswa kuingia ndani ya saa moja. Damu ya kuotesha vimelea ichukuliwe kwanza ikiwezekana, lakini dawa isingoje majibu.

Kosa tunalolichukia zaidi ni la kipimo cha malaria. Kikiwa chanya anapewa dawa ya malaria tu, kikiwa hasi anarudishwa nyumbani. Vyote viwili vinaua, kwani malaria na bakteria huweza kumkuta pamoja. Wanaokingwa dhidi ya malaria ni wenye AS (waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja tu), si wenye SS.

Anayetumia haidroksiyurea, dawa ya selimundu ya kila siku, taja mapema; inaweza kushusha chembe nyeupe, na zihesabiwe. Dripu nayo iwe ya kipimo: ikizidi, maji huingia mapafuni, na kifua cha mgonjwa huyu huharibika haraka. Akianza kukohoa au kulalamika mbavu akiwa wodini, usingoje raundi ya asubuhi, mwite muuguzi.