Kusoma uzamili ukiwa kazini: mwongozo kwa walimu wa Dar es Salaam

Mwalimu anayesoma uzamili huku anafundisha mara chache hukwama kwenye kozi. Mitihani anafaulu, kazi za kuandika anakabidhi, presentesheni anafanya. Anakwama kwenye tasnifu, lile andiko refu la utafiti la mwisho wa shahada, wenzake wa darasa wakishatawanyika na hakuna tena ratiba ya kumvuta chuoni. Hapo mwaka unapita, wa pili unapita, na chuo kinaendelea kumdai ada ya kubaki kwenye orodha ya wanafunzi. Dawa ya tatizo hilo huanza mapema sana, kabla hata ya kujaza fomu ya maombi.

Hesabu saa kabla ya kuhesabu ada

Kwa mfumo wa tuzo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180, na krediti 1 ni saa 10 za kazi. Humo mna mihadhara, kujisomea, kazi za kuandika na utafiti. Jumla ni saa 1,800.

Mwaka wa mwalimu ukiuondolea usahihishaji wa mitihani ya muhula, misiba, harusi na siku za kuugua, unabaki na wiki kama 45 za kusoma. Ukitaka kumaliza kwa miaka 2, ni saa 20 kila wiki. Ukijipa miaka 3, ni saa 13 na dakika chache. Sasa chukua ratiba yako ya shule, andika vipindi vyote, zamu, maandalio ya somo, madaftari ya kusahihisha na masomo ya ziada ya kidato cha nne kama unafundisha. Halafu tafuta hizo saa 13 ziko wapi. Kama huzioni kwenye karatasi, hutaziona Novemba ukiwa na marundo ya mitihani mezani. Ni heri ukubali miaka 3 tangu mwanzo kuliko kulipia 2 na kuishia 4.

Saa za njiani zihesabu peke yake. Kozi nyingi za jioni huanza kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Anayetoka shule ya Mbagala au Gongo la Mboto kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaingia barabarani wakati foleni inaanza kukaza, na akishafika Ubungo bado ana daladala nyingine ya kumwingiza chuoni. Mwendokasi ya Barabara ya Morogoro inamfaa sana wa Kimara, Magomeni au Kariakoo. Wa Kigamboni anaipata akishavuka kwa pantoni hadi Kivukoni. Kabla ya kuomba nafasi, safiri njia hiyo siku mbili za kazi kwa muda ule ule wa kozi, kwenda na kurudi. Angalia hasa kurudi: kozi ikiisha saa mbili usiku, utafika nyumbani saa ngapi, na kipindi chako cha kwanza kesho ni saa ngapi?

Chuo kipi, kozi ipi

Kwanza ijue shahada yako. Mwenye shahada isiyo ya ualimu, mfano wa sayansi au biashara, aliyeingia kufundisha shule binafsi, mlango wake wa kawaida ni Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ambayo ndiyo inampa sifa ya ualimu. Mwenye shahada ya ualimu haihitaji. Aende moja kwa moja kwenye Shahada ya Uzamili ya Elimu. Wapo wanaochanganya haya mawili na kupoteza mwaka mzima na ada yake.

Mlimani, kwenye Shule Kuu ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kozi ya uongozi na usimamizi wa elimu ndiyo inayopendwa na wakuu wa shule, walimu wa taaluma na maofisa elimu. Wa Temeke na Mbagala waulize pia Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu (DUCE), Chang'ombe, ni kozi zipi za uzamili zinafundishwa pale mwaka huo na kwa saa zipi. Upanga kuna taasisi ya maendeleo ya elimu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Na kwa asiyeweza kabisa kukaa darasani jioni, kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994. Makao yake yako Kinondoni, na mfumo wake umejengwa kwa ajili ya mtu aliye kazini.

Kusoma kwa masafa kunaonekana rahisi, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Hakuna mhadhiri wa kukuuliza jana ulikuwa wapi. Anayechagua njia hii awe na siku na saa maalumu za kusoma, na kikundi cha watu watatu au wanne wa kozi ile ile wanaokutana kila wiki mbili, ana kwa ana. Kundi la WhatsApp peke yake halitoshi, maana huko watu husambaziana madesa (notisi za kunakili) tu.

Angalia kwenye orodha za TCU kama kozi yenyewe, siyo chuo tu, imeidhinishwa. Uliyesomea shahada ya kwanza nje ya nchi, iwe Uganda, Kenya au India, anza na TCU ili shahada yako itambuliwe, ndipo uombe nafasi.

Barua ya ruhusa

Kusoma jioni hakukuondoi kazini, lakini mwajiri lazima ajue kwa maandishi. Mtumishi wa umma anamwandikia Mkurugenzi wa halmashauri yake: Jiji la Dar es Salaam, au manispaa ya Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni. Barua ipite kwa mkuu wa shule, kisha Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Msingi au Sekondari, kila mmoja akiandika maoni yake na kugonga muhuri. Ambatanisha barua ya udahili na ratiba ya kozi. Ndani ya barua sema mambo matatu tu: unasoma nini na wapi, saa zipi, na vipindi vyako havitaguswa.

Baki na nakala iliyopokelewa yenye muhuri na tarehe. Ndiyo utakayoishika siku unapoomba siku tano za mitihani, na ndiyo utakayoambatanisha na cheti mwishoni unapoomba kumbukumbu zako za kiutumishi zirekebishwe. Wa shule binafsi nao waandike. Makubaliano ya mdomo na meneja huondoka na meneja.

Tena usipange bajeti ya nyumbani kwa matumaini kwamba cheti kitapandisha mshahara mara moja. Muulize afisa utumishi wa halmashauri yako, kwa muundo wa sasa, uzamili wa fani hiyo unabadilisha nini kwenye cheo chako. Jibu litakusaidia hata kuchagua fani.

Fedha

Malipo ya vyuo vya umma hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali (control number), benki au kwa simu. Kosa la kawaida ni kutuma fedha kwa namba iliyokwisha muda wake au ya mwaka uliopita. Tengeneza mpya kwenye akaunti yako ya mwanafunzi kila unapolipa, na hifadhi risiti.

Ukipanga kukopa benki, kumbuka mshahara wa mtumishi lazima ubaki na theluthi moja baada ya makato. Aliyekuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo na bado anakatwa asilimia 15, akiongeza mkopo wa nyumba au wa bodaboda, huenda nafasi ya kukopa ada imeshaisha. Peleka hati ya mshahara benki kabla ya kukubali nafasi ya chuo. Na kwenye hesabu ongeza yale yasiyo kwenye karatasi ya ada: nauli, bando, chakula cha jioni, steshenari, nauli ya kukusanya data, na kuchapa na kujalidi tasnifu.

Muhula wa chuo dhidi ya muhula wa shule

Mwaka wa shule huanza Januari, wa chuo huanza Oktoba au Novemba. Maana yake usajili na wiki za kwanza za mihadhara zinaangukia kwenye mitihani ya taifa ya kidato cha nne, wakati huo huo unaweza kuitwa kusimamia. Mitihani ya chuo ya muhula wa kwanza huja karibu na Februari, vidato vya kwanza vikiwa vimejaa wanafunzi wapya. Weka kalenda zote mbili kwenye karatasi moja, na mpe mwalimu wa taaluma nakala mwezi Januari, kabla hajapanga zamu.

Mambo yakizidi, ahirisha muhula kwa barua kabla ya mitihani. Kutotokea kwenye mtihani bila taarifa ni jambo jingine kabisa: unaweza kuhesabiwa umefeli, upate sapu (mtihani wa marudio), hata kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Mwalimu aliyefiwa au kujifungua apeleke barua na vielelezo wiki hiyo hiyo.

Tasnifu ianze muhula wa kwanza

Kila kazi ya kozi unayopewa, ielekeze kwenye mada unayofikiria kuitafiti. Ukiambiwa uandike juu ya usimamizi wa shule, andika juu ya usimamizi wa walimu wapya, kama ndiyo mada yako. Kozi zikiisha utakuwa na kurasa za kuanzia na marejeo yaliyokwisha kupangwa. Tumia Zotero, programu ya kupanga marejeo, tangu makala ya kwanza, ni ya bure. Kuandika marejeo 90 kwa mkono usiku wa kuamkia kukabidhi kunaleta makosa ambayo watahini huyaona mara moja.

Mada iwe ya ukubwa wa jioni zako. "Changamoto za elimu Tanzania" haina mwisho. "Namna wakuu wa shule za msingi katika kata tatu za Manispaa ya Temeke wanavyowaelekeza walimu wapya" inakwisha.

Usifanye utafiti kwenye shule unayoiongoza. Walimu wako watajibu unachopenda kusikia, na mtahini atauliza swali hilo kwanza. Ukihusisha wanafunzi walio chini ya miaka 18, panga namna ya kupata ridhaa ya wazazi tangu kwenye pendekezo la utafiti.

Sampuli: kama walimu wote wa eneo lako ni 240, kanuni ya Yamane, ya kukokotoa ni watu wangapi uwaulize, yenye kosa la 0.05 inakupa 240 ÷ (1 + 240 × 0.0025), yaani 150. Gawa dodoso kama 175, kwa sababu hazirudi zote. Kanuni hii ni ya dodoso. Kwenye mahojiano haina kazi. Huko unaangalia kina, na gharama yake ni muda: saa 1 ya sauti inachukua saa 4 hadi 6 kuiandika. Mahojiano 12 ya dakika 40 ni saa 8 za sauti, kwa hiyo saa 32 hadi 48 mbele ya kompyuta. Kwa anayepata saa 13 kwa wiki, hizo ni wiki mbili na nusu hadi karibu nne.

Dodoso la walimu wa shule za msingi liwe la Kiswahili, hata kama tasnifu ni ya Kiingereza. Lisome swali kwa swali. Chukua hili: "Mkuu wa shule hukutembelea darasani na kukupa ushauri?" Ni maswali mawili. Anayetembelewa bila kupewa ushauri atajibu nini? Litenganishe. Kisha jaribu dodoso lote kwa walimu 10 wa shule isiyo kwenye sampuli, ukae nao wakijaza. Swali linalomfanya mtu amgeukie jirani yake liandike upya. KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu ya dodoso, ina toleo la bure na inajaza data kwenye simu hata pasipo mtandao, inakuokoa na kazi ya kuingiza majibu moja moja.

Vibali huchukua muda. Kwa kawaida chuo hutoa barua ya utafiti, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kisha Afisa Elimu, ndipo shuleni. Anza angalau wiki sita kabla. Miezi mizuri ya kwenda shuleni ni Februari hadi Aprili, na Julai na Agosti. Septemba kuna darasa la saba, Oktoba na Novemba kuna darasa la nne, kidato cha pili na cha nne, Mei kuna kidato cha sita. Mkuu wa shule akikuambia urudi miezi hiyo, hakukatai. Hana nafasi kweli.

Msimamizi wako ana wanafunzi wengi. Ujumbe wa "Daktari, vipi kazi yangu?" haumsaidii. Andika hivi: "Habari za kazi, Daktari. Leo nimekutumia sura ya pili, kurasa 22. Nimerekebisha maoni yako matano. La nne sijalielewa vizuri, nimeliwekea alama ukurasa wa 9. Naomba nije Alhamisi saa kumi jioni ofisini kwako, kama utakuwa na nafasi." Kila mkikutana, andika mliyokubaliana na umtumie siku hiyo hiyo. Akisafiri au akibadilishwa, maandishi hayo yatakulinda.

Kwa kuandika penye utulivu, maktaba mpya ya Mlimani iliyofunguliwa 2018 ina nafasi kubwa. Jumamosi asubuhi, saa tano mfululizo, zinazaa kuliko usiku tano wa saa moja moja ukiwa umechoka.

Ukishatetea tasnifu, marekebisho yafanye ndani ya muda uliopewa, na andaa jedwali lenye nguzo tatu: maoni ya mtahini, ulichofanya, ukurasa. Jalidi, kabidhi, chukua matokeo rasmi. Kisha peleka halmashauri nakala ya cheti iliyothibitishwa, pamoja na ile barua ya ruhusa yenye muhuri, na uombe upokezi wa maandishi kwenye jalada lako.