Kabla hujampa mtoto manati ya kulengea shabaha

Asiwe chini ya miaka minane. Mkono mdogo huvuta mpira upande, na kokoto likigonga panda linarudi usoni. Siku za mwanzo kaa naye, usimkabidhi ukaenda zako sokoni.

Panda ikatwe kwenye mpera. Mkorosho umejaa kila kona huku kwetu Mtwara na Lindi, lakini tawi lake huvunjika kirahisi, liache. Unene uwe wa dole gumba la mtu mzima. Menya gome, kausha kivulini wiki mbili.

Sasa mpira, na hapa usiharakishe. Wengi huchukua tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokaa juani miezi, wakaikata kwa mkasi. Kinachofuata ni kile kile kila mara. Mkasi huacha kovu dogo ukingoni mwa ukanda, halionekani kwa macho. Siku ya kwanza hakuna kitu. Jua linaukausha mpira, na kila mara mtoto anapovuta, kovu linafunguka kidogo. Halafu siku moja anavuta mpaka shavuni, jicho limelala sambamba na mpira, ukanda unakatika pale ulipofungwa kwenye panda. Ncha iliyokatika inamrudia yeye anayevuta, na jicho lililo wazi ndilo analolengea.

Kwa hiyo tafuta tyubu isiyochakaa. Ilaze juu ya ubao, kata kwa wembe mpya kwa mkupuo mmoja. Kwa mtoto, upana wa sentimita 1 na urefu wa 20 unatosha, na kanda zote mbili zilingane, la sivyo kinachorushwa kitakwenda upande. Funga kwa vipande vyembamba vya mpira. Waya na uzi wa nailoni vinakata. Kila siku kabla ya kucheza, mtu mzima auvute mpira mara mbili ya urefu wake, uso ukiwa mbali, kisha akague kingo na mafundo. Ukiona ufa kama unywele, tupa. Usiunge. Mtoto avutie kifuani, asifike shavuni, na avae miwani ya plastiki angavu ya mafundi, ile ya duka la vifaa vya ujenzi. Miwani ya kioo ikivunjika ni balaa la pili.

Mawe hapana, golori hapana. Golori ikipiga ukuta wa matumbawe, kama zile nyumba za kale za Mikindani, inarudi kwa kasi. Finyanga vidonge vya udongo wa mfinyanzi vya sentimita 1, vikauke kivulini siku tatu, usivichome. Vikigonga kitu kigumu vinapasuka. Udongo wa kichanga wa Newala na Tandahimba haushikani, shuka bondeni ukachukue ule unaonata.

Ning'iniza kopo kwa kamba, na nyuma yake blanketi kuukuu lililolegea mpaka chini. Likikazwa linarudisha kidonge, likilegea linakimeza. Anza mita 5. Mita 10 ni umbali wa bunduki ya upepo kwenye Olimpiki, huko atafika taratibu. Jicho la kulengea lijue mapema: anyooshe mikono, aache tundu dogo kati ya viganja, atazame kopo kwa macho yote mawili, kisha afumbe moja moja. Linalobaki kuliona kopo ndilo lake.

Shambani kwenye mikorosho asipige kabisa, hasa Oktoba hadi Desemba. Matawi yanashuka karibu na ardhi, na chini yake kuna kina mama na watoto wameinama wanaokota korosho, huwaoni mpaka wainuke.

Akipigwa jicho, usilisugue wala kulitia dawa yoyote ya nyumbani. Lifunike kwa kikombe cha karatasi kisichogusa jicho, mketishe wima, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Hata akisema anaona vizuri, mpeleke. Damu ndani ya jicho huweza kuanza upya siku kadhaa baadaye.

Kuku wa jirani, ndege, nyaya za umeme, mizinga ya nyuki, vyote marufuku. Wenzake wasimame nyuma yake, kamwe si pembeni. Wakimaliza, manati ining'inizwe ndani, mbali na jua, mahali mtoto hafikii.