SOMO: Una mmea wa kopo unaokufa na jina lake hulijui? Soma hapa kabla ya kuuliza

Kila wiki ni picha ya giza, jani moja la njano, na "wakuu, huu mmea gani, niuwekee nini?" Naandika mara moja tu.

Jina litasubiri. Jua kwanza kama mmea una akiba ya maji. Kata jani: nene lenye ute ni jamii ya shubiri. Utomvu mweupe mara nyingi ni jamii ya mnyaa, au mpira wa mapambo. Linda macho, utomvu wa mnyaa unaunguza vibaya. Fukua kidogo: vitu kama viazi kwenye mizizi navyo ni akiba. Shubiri, mnyaa na wenye viazi hunywa udongo ukishakauka hadi chini. Shina la pembe nne lenye majani yanayotazamana mawili mawili, mara nyingi ni jamii ya mrehani. Huo una kiu.

1. Acha kumwagia. Acha na mbolea.

2. Weka kivulini penye mwanga.

3. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Kama udongo ni mkavu na umeachana na kopo, maji ya juu yanapita pembeni tu. Zamisha kopo kwenye beseni hadi mapovu yaishe, kisha acha lichuje. Kama umelowa, endelea.

4. Toa mmea. Mzizi mzima ni mgumu. Uliooza unanuka, ukiuvuta ganda linabaki mkononi. Kata hadi penye uzima, wembe ukifutwa kwa spiriti kila mkato.

5. Udongo: makopo 2 ya udongo wa juu, 1 la mchanga mnene, 1 la samadi iliyooza hadi haina harufu. Udongo wa Tabora mwingi una mchanga tayari. Ukiufinyanga mbichi usishikamane, mchanga weka nusu.

6. Chombo. Hapa ndipo tunapoua mmea uliokwisha kupona. Unauonea huruma, unauhamishia ndoo ya lita 20. Mizizi iliyobaki ni ngumi moja, udongo ni ndoo nzima: maji hayana wa kuyanywa, yanakaa wiki mbili, uozo unarudi. Chombo kizidi mizizi kwa sentimita 2 au 3 kila upande, basi. Matundu manne chini, yapitishe kidole kidogo. USIWEKE kokoto chini: maji hayashuki kwenye kokoto hadi udongo wa juu yake ushibe, kwa hiyo unakuwa umelisogeza tope karibu na mizizi. Sahani ikijaa, mwaga.

7. Mbolea isubiri hadi jani jipya litoke, si chini ya wiki 4.

MASWALI

Mjumbe, Ipuli: Wangu majani ya njano. Nifanyeje?
— Hatua ya 3. Kidole kimesemaje?
Mjumbe, Ipuli: Sijachomeka.
— Chomeka.

Mjumbe: Mbona muuza miche kaniambia niweke mbolea ya DAP uamke?
— Mzizi uliooza haunyonyi. Chumvi ya mbolea inavuta maji hata kwenye ile michache mizima. Kopo ni lako, mkuu.

Mjumbe: Samahani mwalimu, kwa nini unanyauka wakati udongo umelowa? Si maji yapo?
— Swali zuri, dada. Mzizi unahitaji hewa ili unyonye. Maji yakijaza nafasi zote za udongo, hewa inatoka, mizizi inakufa, na majani yanaendelea kupoteza maji kwa jua. Mmea una kiu ndani ya maji. Mtu akiona umenyauka anaongeza maji, anaumaliza. Ukikata mizizi mingi, punguza na majani, walau theluthi.

Mjumbe, Kigoma Mwanga: Mchanga wa ziwani hauna chumvi?
— Tanganyika ni maji baridi, si bahari. Chekecha utoe vumbi na makombe, tumia.

Mjumbe: Na vidudu vyeupe kama pamba kwenye vikonyo?
— Vidung'ata. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1, nyunyiza jioni hadi chini ya majani, rudia kila siku ya 5 mara tatu. Jaribu jani moja kwanza.

Mjumbe: Pumba za mpunga badala ya samadi?
— Zilizooza, sawa. Mbichi zinaila naitrojeni ya udongo wakati zinaoza, na utarudi hapa na picha ya jani la njano.