Kupunguza vitabu rafuni bila kuwaumiza wasomaji

Wanaokuja maktabani kwetu siku hizi huulizia kwanza soketi, kisha kiti, halafu kitabu. Siwalaumu hata kidogo. Mwanafunzi wa kidato cha nne ambaye kwao taa ni moja na wadogo zake ni watano anahitaji meza. Basi lazima upunguze rafu ili meza zipate mahali.

Kwa mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, anza na 004, kompyuta. Kitabu kinachofundisha kutumia disketi kitoe leo. Nenda 610, tiba: kitabu cha dawa cha miaka ya 1980 kinaweza kumdhuru mtu, hata jalada liwe linang'aa. Kwingine, tazama karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani, ile inayogongwa muhuri kila kitabu kinapoazimwa. Muhuri wa mwisho ukiwa wa 2009, kiweke pembeni, usikitupe bado.

Ukifika 896.392, fasihi ya Kiswahili, tulia. Hapo usihesabu mihuri. Diwani nyembamba iliyochapwa mara moja tu, ukiitoa huenda usiione tena. Niliwahi kutoa moja. Mwezi uliofuata akaja mzee kuiulizia; mashairi ya marehemu baba yake yalikuwamo. Nilimwomba radhi, akanijibu, "Haidhuru, mwanangu," akaondoka polepole. Hadi leo inaniuma.

Kila kinachotoka kiandike kwenye daftari kwa namba yake kabla hakijavuka mlango. Meza mpya ziweke karibu na dirisha, na waya wa umeme upite ukutani, si sakafuni.