Corolla ya zamani haivuti? Pima kompresheni kabla hujashusha injini

Gari yangu ni Corolla 110, injini 5A-FE, cc 1498, na msimu wa korosho uliopita ilinitia aibu kwenye kile kilima cha kupanda Newala, nimembeba shemeji na magunia mawili tu nyuma, AC nimezima na bado natambaa na gia ya kwanza bodaboda zinanipita. Kurudi Mtwara mjini nikaipeleka kwa fundi, akasikiliza kama sekunde kumi hivi akasema ringi (zile pete za pistoni) zimeisha hizo, tushushe injini. Hata plagi moja hajafungua.

Sasa ukiambiwa hivyo, usibishane nae, we muombe tu apime kompresheni kwanza, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Kama hana geji azima, kazi yenyewe nusu saa.

Washa gari ipate moto wa kawaida, zima, chomoa relei ya EFI (mfumo wa kumwaga petroli) na soketi ya distribyuta (inayogawa moto kwenye plagi) ili isimwage petroli wala kupiga cheche. Kabla ya kutoa plagi puliza yale mashimo yake, maana vumbi letu jekundu likidondoka ndani ya silinda umejinunulia ugonjwa mwingine. Toa plagi zote nne, funga geji silinda namba moja, mwenzako akanyage mafuta mpaka chini kabisa huku anapiga stata mpaka mshale uache kupanda. Andika, nenda namba mbili. Betri iwe na chaji ya kutosha, ikichoka njiani silinda ya nne utaionea bure.

Hizi injini za A za Toyota zikiwa nzima zinasoma kama 190 psi (kipimo cha presha kwenye geji), ikishuka chini ya 142 inaumwa, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Yangu ilisoma 168, 165, 118, 166. Hapo ndo unamwagia oili kijiko kimoja kwenye ile mbovu unapima tena. Ikipanda sana basi ni ringi, fundi alikuwa sahihi, kajipange. Ikibaki palepale, shida iko juu, valvu au gasketi ya hedi (gasketi mara nyingi zinashuka silinda mbili za jirani, au maji yanapungua hujui yanaenda wapi). Yangu ilitoka 118 ikaenda 120, basi.

Tukaiacha ilale ipoe kabisa, asubuhi tukafungua kava ya juu tukapima nafasi za valvu kwa fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Za kuingiza hewa zinatakiwa 0.15 mpaka 0.25 mm, za ekzosti 0.25 mpaka 0.35. Valvu moja ya ekzosti ya silinda ya tatu hata kile kibati chembamba kuliko vyote hakikupita, yaani imebana, haifungi mpaka mwisho, kompresheni inatorokea hapo. Na ujue valvu iliyolegea ndo inagonga tak tak tak mtaa mzima unasikia, iliyobana inakaa kimya huku inaungua. Hii injini haina skrubu ya kurekebisha, kuna shimu (kibati kigumu) ya duara juu ya kikombe cha tapeti kinachokaa juu ya valvu, unaitoa, unaipima kwa maikromita, unatafuta nyembamba zaidi. Sisi tuliipata kwenye injini iliyokufa pale gereji, kwa bei ya soda mbili. Silinda ikarudi 160. Ingekuwa valvu imeshaungua hapo hakuna ujanja, hedi inatoka na valvu zinasagwa.

Baada ya hapo nikabadili plagi, ekilina na filta ya petroli, nikasafisha throto bodi, na kepu ya distribyuta ilikuwa imeota ukijani kwa hii hewa ya bahari, wa Mikindani na Lindi mjini mnanielewa. Taimingi (muda wa plagi kupiga cheche) iwe nyuzi 10, ila unganisha kwanza TE1 na E1, matundu mawili ya soketi ya kupimia gari, usipofanya hivyo kompyuta inaisogeza yenyewe na utapima uongo.

Halafu hili la kutoa themostati (valvu ya maji ya kupoza injini) eti kwa sababu huku joto, acheni jamani. Inafunguka kwenye nyuzi joto 82 hivi, ukiitoa injini inapoa ikiwa barabarani, kompyuta inadhani ndo kwanza asubuhi inazidi kumwaga petroli. Kama inachemsha angalia feni na rejeta, na maji ya kisima ya chumvi usiyatie humo, tia kulanti.

Anayetaka nguvu zaidi ya ile ya kiwandani, 7A-FE ya cc 1762 ni familia moja na inakaa, ila ichukue na kontroli boksi (kompyuta) yake na nyaya zake, na kwa kuwa namba ya injini iko kwenye kadi ya gari pitia TRA (mamlaka ya mapato) wabadilishe. Mi sijafika huko. Juzi tumepanda Newala tena, gia ya pili, AC inawaka, shemeji kalala.