Ukinunua gari la kazi Mombasa, lala chini ulitazame

Nina karakana ya AC na mafriji huku Tudor. Magari yangu ni matatu: Probox, pikapu ya Hilux ya kabini moja, na tuktuk ya mizigo. Vijana wanaoanza kazi hii huja kuniuliza wanunue gari gani, na karibu wote huanza na jina la gari. Mimi huwauliza mzigo wao una kilo ngapi. Hakuna ambaye amewahi kunijibu papo hapo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kusanya kila kitu unachobeba siku ya kazi kubwa, ukipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mizani, umpe chochote kwa usumbufu wake. Nilipopima vyangu nilikuwa nadhani havizidi kilo 150. Ngazi, mtungi wa naitrojeni, pampu ya vakyumu, drili kubwa, mabomba ya shaba, mashine ya kuoshea AC na ndoo zake: mizani ilisoma 290, na hapo hatujaweka hata AC moja ya mteja. Probox imeundwa kubeba kilo 400 mbele wakiwa wamekaa watu wawili, na ukiketisha watu watano hushuka hadi 250. Sasa chukua mafundi wanne na vifaa vile vyote. Gari limezidiwa kabla halijatoka Tudor. Watu huongeza springi nyuma ili lisiinamie, kisha wakasema limepata nguvu. Limenyanyuka tu. Breki ni zilezile, na ukishuka na mzigo huo kutoka Nyali kuelekea darajani utazihisi kwenye mguu.

Kama mzigo wako hauzidi kilo 300 na mafundi ni wawili, Probox inatosha, inakula mafuta kidogo, na spea zake zinapatikana kila kona. Ukivuka hapo tafuta pikapu ya tani moja. Kanta, lile lori dogo, ningekuambia uiache mpaka uwe na kazi ya kuijaza angalau siku tatu kwa wiki. Ukiihitaji mara moja moja, kodisha. Zaidi ya hayo, malori mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni yana chujio la moshi ambalo huziba yakiendeshwa safari fupifupi, na kazi yetu ya mjini ni safari fupi tupu. Tuktuk niliinunua kwa ajili ya Mji wa Kale, ambako nilichoka kuegesha mbali na kubebesha vijana AC mabegani.

Jambo moja kwa wenzangu wa AC. Mitungi ya gesi imeandikwa isipate joto zaidi ya nyuzi 52. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani Bamburi saa nane mchana hupita hapo bila shida. Tena ile gesi ya AC iitwayo R32 hushika moto, na gesi yoyote ikivuja ndani ya kabini inawanyima watu hewa. Mitungi yangu husafiri kwenye pikapu, nyuma, imesimama, imefungwa kwa mkanda, chini ya turubai. Probox haibebi mtungi hata kwa safari ya dakika kumi. Kwa hili sina mjadala na mtu.

Sasa kutu. Hapa ndipo nilipopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pikapu yangu ya kwanza niliipenda mno. Kila jioni kijana aliiosha nyumbani kwa maji ya kisima mpaka ikang'aa, na wateja walinisifu kwa usafi. Haikufika miaka miwili, dereva akaniambia anahisi maji miguuni mvua ikinyesha. Nilimpelekea mzee mmoja fundi wa bodi. Akaondoa zulia, akagonga sakafu kwa mpini wa bisibisi, bisibisi ikapenya hadi chini. Akaniuliza huwa tunaliosha kwa maji gani. Nilipomjibu alinitazama kwa huruma: "Mama, gari hili hamlioshi. Mwalitia chumvi."

Wenyeji tunajua ladha ya maji ya visima vingi vya kwetu. Hatuyanywi, hatuyapikii chai, nguo nyeupe yanaziharibu. Halafu tunayamwaga kwenye chuma, kila siku, na kuacha yakauke. Upepo wa bahari pekee unatosha kulila gari. Mimi nilikuwa nauongezea. Siku hizi tunaosha mara moja kwa wiki kwa maji matamu, ya mfereji au ya mvua tuliyokinga kwenye tangi, na mpira tunauelekeza zaidi chini ya gari kuliko juu. Kazi ikiwa ya hoteli za ufukweni, Shanzu au Diani, tunaosha chini siku ileile tuliyorudi. Ukipeleka gari la kazi kwa waosha magari, waulize kwanza maji yao ni ya wapi, na usione haya. Na maji ya kisima yasiguse rejeta kabisa. Tumia kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, dereva abebe lita moja ya akiba.

Unapokwenda kununua, nenda mchana, vaa nguo usizozionea uchungu, beba tochi, bisibisi na sumaku ndogo. Lala chini. Tazama chesisi pale springi za nyuma zinaposhikia, maana hapo mchanga hukaa na unyevu haukauki. Gonga: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Fuatilia mabomba ya breki kwa kidole mpaka mwisho. Inua mazulia yote, tazama na chini ya betri. Pitisha sumaku kwenye bodi hasa sehemu za chini za milango. Isiponata, hapo pamejazwa puti, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi, juzijuzi, jiulize inaficha nini. Usidanganyike pia na neno "limetoka Japani moja kwa moja". Kaskazini mwa Japani barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na magari ya huko huja yameanza kuliwa kabla hayajaiona bahari yetu.

Ukishalinunua, kabla ya kazi yoyote, lipeleke likasuguliwe chini kwa brashi ya waya, lipakwe dawa ya kutu, likauke kabisa, ndipo lipakwe nta ya kuzuia maji. Lami juu ya kutu hufungia unyevu ndani. Oili chafu, ambayo wengi hupenda kupuliza kwa sababu ni ya bure, hulainisha mipira ya springi na shokabsoba mpaka ikavimba. Zibua vile vitundu vya chini ya milango kwa waya kila mwezi. Maji ya mvua yakikosa pa kutokea, mlango huoza kwa ndani.

Karatasi nazipitia haraka kwa sababu ni za lazima tu. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limezidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo anayekuuzia la zamani zaidi kwa kisingizio cha "limeshuka melini jana" ana jambo. La hapa nchini, tafuta rekodi zake kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi. Utaona mwenye gari ni nani na kama lina mkopo. Gari la biashara hukaguliwa kila mwaka na hulipiwa kodi ya awali kwa KRA, mamlaka ya kodi. Weka risiti hiyo, kwa maana hukatwa kwenye kodi yako ya mwaka. Bima mwambie wakala waziwazi kuwa ni gari la kazi. Bima ya gari binafsi haitakusaidia siku ya ajali ukiwa na ngazi juu.

Kwenye uendeshaji, kila gari lina dereva wake mmoja na daftari moja ndani ya dashibodi: kilomita za asubuhi na jioni, mafuta, tairi, oili, na kila sauti ngeni. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000. Tairi nasoma tarakimu nne za mwisho ubavuni, mfano 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022, kwa sababu jua letu hupasua mpira hata kama kashata, yale meno ya tairi, bado zimesimama.

Safari nazipanga kwa upande. Asubuhi magari hufurika kuingia kisiwani, kwa hiyo kazi za Nyali na Mtwapa tunaziendea mapema, tukiwa tunatoka wenzetu wakiingia. Za kusini hukusanywa siku moja. Kabla ya barabara ya Dongo Kundu kufunguka, Diani ilikuwa ni kukaa foleni ya feri ya Likoni injini ikinguruma bure. Sasa kama tumeanza siku kwa mteja wa Changamwe au Miritini, tunazunguka na Dongo Kundu. Tukiwa tumetokea Ganjoni bado feri ni karibu, basi dereva hupiga simu kwanza kwa mtu aliyeko kivukoni kuuliza foleni imefika wapi, ndipo anawasha gari.